Maji ya Chai: jina ni la mto au la stendi?

#1 Chalii wa Imbaseni

Wakuu, habari za wikiendi.

Juzi nilikuwa kwenye Hiace natokea Moshi kwenda Arusha. Tulipoiacha Kikatiti konda akaanza kuimba, "Maji ya Chai, Maji ya Chai, wa kushuka ajiandae!" Mbele yangu alikaa dada mmoja mgeni, lafudhi ya Dar kabisa, akamgeukia mama wa pembeni yake: "Samahani mama, hapa ndipo wanapouza chai?" Gari zima likacheka. Mama wa watu akamjibu kwa upole, wala hakusita: "Hapana mwanangu, zamani kulikuwa na Mhindi ana hoteli yake ya chai hapa, jina likatokea hapo."

Nikageukia dirishani. Tulikuwa tunavuka daraja muda huohuo, na chini yetu mto unajipitia zake na rangi yake ileile. Mto umetoa jina kwa kijiji, umetoa kwa kata, umetoa kwa stendi, halafu mtu wa hapohapo anakuja kumpa sifa Mhindi wa kubuni. Iliniuma kidogo, sitaki kuficha.

Mimi nimekulia Imbaseni. Tulikuwa tunatumwa mtoni na madumu ya lita tano, yale meupe ya mafuta ya kula, ambayo ukiyajaza unaona kabisa rangi kwa nje kama mtu amekoroga majani ya chai ndani. Mama alikuwa na mashuka mawili meupe ya wageni. Hayo hayakufuliwa kwa maji ya mto hata siku moja. Yalisubiri mvua inyeshe tukinge ya bati. Nguo za shule zilifuliwa hivyohivyo, ndiyo maana shati langu la darasa la nne halikuwa jeupe wala halikuwa la njano.

Sasa nataka tuuweke sawa huu mto. Ninachojua: unashuka kutoka Mlima Meru, upande wa Hifadhi ya Arusha, unaikata barabara kuu ukishapita Usa River kama unaelekea Moshi, unaingia tambarare za kusini. Baada ya hapo sijawahi kuufuata. Na kwa nini mto mzima upewe jina la rangi? Hakukuwa na jina lingine? Wajuvi njooni.

#2 Kidumu cha Njano

Naweka kambi hapa.

Ila swali la msingi mkuu: ni chai ya maziwa au strungi?

#3 Toyo Namba Moja

Bora nyie mna jina la Kiswahili. Wenzenu jirani mji wao unaitwa Usa River. Nimeshamsikia mtu na akili zake anasema "Mto wa Usa River". Mto Usa mto.

#4 Mzee wa Leganga

Kidumu, umeuliza kwa utani lakini hapo ndipo penyewe.

Nimefanya kazi za maji miaka mingi kabla sijarudi kwenye migomba yangu, kwa hiyo nivumilieni. Maji ya mto yanapata rangi kwa njia mbili kubwa. Kuna udongo unaoelea: mvua imenyesha juu, mashamba yamemomonyoka, mto unashuka mzito kama umetiwa maziwa. Na kuna rangi iliyoyeyuka ndani ya maji yenyewe, hasa ile inayotoka kwenye majani na mimea inayooza msituni na kwenye madimbwi, sawasawa na majani ya chai kwenye birika. Ya kwanza ukiiacha itulie inashuka chini. Ya pili hata ukiisubiri hadi Pasaka haishuki.

Chalii, wewe upo karibu. Chukua glasi ya kioo, si kikombe wala kopo, chota, funika, weka dirishani usiku kucha. Asubuhi utuambie.

Kitu kingine cha kuangalia: uchote mtoni kweli. Watu wengi pale wanasema "mto" wakati wanachota kwenye mfereji. Wameru tumechimba mifereji tangu zamani kutoa maji milimani kuyaleta shambani, na mfereji ukishakaa miaka hamsini unaota nyasi pembeni, unapata vyura wake na watoto wanaogelea humo. Mgeni hawezi kuutofautisha na mto.

#5 Chalii wa Imbaseni

Shikamoo mzee. Hapo kwenye mfereji umenishika. Nikikumbuka vizuri, nusu ya hayo madumu tulijaza kwenye mfereji kwa sababu mtoni palikuwa na mteremko. Glasi nitaiweka, ninyi subirini.

#6 Ole wa Monduli

Niwasaidie kwenye jina.

Ukanda wote huu maji yaliitwa kwa rangi na hali yake kabla Kiswahili hakijafika. Kimaa, yaani Kimaasai, maji ni *enkare*, na tunatumia neno hilohilo kwa mto. Enkare Narok, maji meusi. Waswahili wakalikata mkia likawa Ngarenaro, leo ni kata pale Arusha mjini. Enkare Nanyokie, maji mekundu, ndiyo Ngarenanyuki upande wa pili wa Meru, huko kwa Momella. Enkare Nairobi, maji ya baridi, ipo Ngarenairobi kule Siha chini ya Kilimanjaro, na ipo Nairobi mnayoijua wote.

Kwa hiyo aliyesema "maji ya chai" hakufanya jambo geni. Alitazama maji, akasema alichokiona, kama wenzake waliomtangulia. Alichobadilisha ni lugha tu. Mtu wa Maa aliifananisha rangi na vitu vyake, yule wa barabarani akaifananisha na kilichokuwa kikombeni.

Ukiingia hifadhini lango la huku chini linaitwa Ngongongare. Hilo nalo ni *enkong'u* na *enkare*, jicho la maji. Chemchemi. Sisi na nyinyi tumeliona jicho hilohilo.

#7 Toyo Namba Moja

Kwa hiyo Ngarenaro ni maji machafu? Sasa naelewa kwa nini harufu ile.

#8 Ole wa Monduli

Ero, taratibu.

Nyeusi kwetu si uchafu. Tuna Enkai Narok na Enkai Nanyokie. Narok, Mungu mweusi, ni yule wa wingu zito la mvua, wa majani na maziwa. Nanyokie, mwekundu, ni yule wa hasira, wa kiangazi na njaa. Mfugaji akiona maji akayaita narok hakuwa anayatukana. Uchafu wa Ngarenaro mmeuleta nyinyi wa mjini wenyewe, msimsingizie babu aliyelitoa jina.

Na kwa wapenda lugha: *na-* hiyo inakuja kwa sababu maji kwetu ni jinsia ya kike. Mlima ni wa kiume, kwa hiyo mlima mweusi pale Namanga ni Oldoinyo Orok, hauwezi kuwa Narok. Kibo nayo ni Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Mkishajua hilo mtasoma ramani yote ya kaskazini bila mkalimani.

#9 Kidumu cha Njano

Uzi umeanza na strungi umefika kwa Mungu. Naongeza godoro kambini.

#10 Mwana Narok

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Nimefika kwa jina tu, maana naishi mjini Narok na mto wetu ni huohuo Enkare Narok. Unapita katikati ya mji kisha unaenda kuingia Ewaso Ng'iro ya kusini, ile inayoishia Ziwa Natron huko kwenu.

Yaliyowapata Maji ya Chai yametupata sisi sote huku. Reli ilipofika 1899 kwenye kinamasi cha Enkare Nairobi, ikawekwa stesheni, jina la mto likapanda likakaa kwa stesheni, baadaye kwa mji, na leo ukimwambia mtoto wa Nairobi kwamba Nairobi ni mto atakuuliza "Ule wa taka?" Nanyuki pia, chini ya Mlima Kenya: mto ndio uliotangulia, wengi wanajua mji na kambi za jeshi. Kwetu jina la mto ni kama kanzu ya baba, mtoto akishaivaa, hairudi.

Na hiyo Ewaso, *uaso* kwa Maa tayari ni mto. Serikali ikiandika "Mto Ewaso Ng'iro" ni Usa River yenu tu, ila yetu imevaa tai.

#11 Binti wa Kikatiti

Mimi nimekuja kuuliza kuhusu meno, maana hakuna aliyethubutu.

Nilipelekwa bweni mkoa wa mbali, kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza paredi ya usafi, mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele, meno. Akanitoa mstarini. Kwamba sipigi mswaki. Nikasimama mbele ya shule nzima na meno yangu ya kahawia. Nilikuwa napiga mswaki mara mbili kwa siku. Nyumbani tulijua wote tuko hivyo, sikuwahi kufikiri ni kitu cha kuonewa aibu mpaka siku ile. Nilijifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa mkono, na mpaka leo kwenye picha za harusi yangu mkono upo.

Nyumbani bibi alisema ni ile rangi ya mto inaingia kwenye meno. Ni kweli?

#12 Mzee wa Leganga

Pole sana mwanangu. Bibi alikuwa sahihi kwamba ni maji, ila hakuwa sahihi kuhusu rangi.

Kinachofanya vile ni madini ya floridi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake inatoa floridi nyingi kwenye chemchemi na mito inayoshuka pande zote. Floridi haina rangi. Haina ladha ya kukustua. Unaweza kuwa na maji meupe kama machozi na yakawa na floridi kuliko mto wenye rangi ya chai. Ndiyo maana watu wengi walidanganyika: walikwepa mto kwa sababu ya rangi, wakachimba kisima, wakashangilia maji safi, na meno ya watoto yakaja vilevile.

Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu tuliruhusu kuzidi hapo, kuna kipindi ilikuwa hadi 4, kwa sababu huku kwetu ilikuwa vigumu kupata yaliyo chini ya hapo, siku hizi nasi tumeshuka kwenye 1.5. Maji mengi ya kuzunguka Meru yanapita kiwango hicho mara kadhaa.

Jino linaharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, utotoni. Likishatoka, mswaki hauna la kufanya. Kwa hiyo mwalimu yule alikuwa anakuadhibu kwa maji uliyokunywa una miaka mitatu. Na ikizidi sana kwa miaka mingi haiishii kwenye meno, inaingia mifupani, miguu inapinda.

Mambo mawili niwaambie wenye watoto wadogo. Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki. Na magadi tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka, mengi yana floridi pia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, na njia waliyoifanyia kazi sana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuru, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo na maji yanapitishwa humo. Mfupa unaikamata floridi vilevile kama mfupa wako ungeikamata. Mkaa ukichoka unabadilishwa.

#13 Binti wa Kikatiti

Nimesoma mara tatu. Ahsante mzee. Hapo pa "miaka mitatu" pamenifanya niweke simu chini kidogo.

#14 Mwalimu Chaki

Kwa kuwa Ngarenanyuki imetajwa, haiwezekani tuipite kama kituo cha mafuta.

Kijito hicho cha maji mekundu kimefika New York. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto, watu wakaambiwa waende King'ori. Wengi walikataa, kwa sababu King'ori haikuwa na yale maji na malisho. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiisimamia tu, kwa hiyo Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza kesi yao, akiwa na wakili Earle Seaton. Nyerere naye alikwenda, ila hiyo ilikuwa 1955, miaka mitatu baadaye.

Ardhi haikurudi mara moja. Lakini jina la mto ambao hata Arusha mjini watu hawakuujua likaandikwa kwenye nyaraka za dunia.

#15 Toyo Namba Moja

Mwalimu, Kirilo nilisoma darasa la sita nikafaulu swali, lakini hakuna aliyeniambia ni huku kwetu. Nilidhani Ngarenanyuki iko Kenya.

#16 Mpanda Ngalawa

Watu wa juu mnaongea kana kwamba mto unaishia barabarani. Mimi ni mtu wa Pangani, naomba nipokee kijiti.

Huo Maji ya Chai ukishavuka lami unaenda kukutana na ndugu zake. Usa, Tengeru, Nduruma, na Themi inayotoka Arusha mjini, wote wanaingia Kikuletwa. Kikuletwa ndiyo inayobeba maji ya Meru na sehemu ya Kilimanjaro, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Upande mwingine wa bwawa unaingia Ruvu, si ile ya Pwani, hii inatoka Ziwa Jipe. Maji yakitoka bwawani ni mto Pangani, ingawa njiani kuna wanaoendelea kuuita Ruvu na hawana habari na jina letu. Hapo bwawani yanazungusha mtambo wa megawati 8, yakifika Hale yanazungusha 21, New Pangani Falls 68. Kisha yanapumzika, yanakuja kwetu polepole katikati ya minazi.

Kwetu mto ni mpana, tumezoea kuuvuka kwa pantoni kwenda Bweni. Bahari ikijaa, chumvi inapanda juu mtoni, na kila mwaka inapanda zaidi kwa sababu huko juu mnachota sana. Kwa hiyo mkuu, dumu lako la lita tano ninalikumbuka. Lilikuwa langu.

#17 Chalii wa Imbaseni

Mpanda Ngalawa, hilo dumu ulilipwa, tulimwaga maji ya kuogea palepale mtoni.

Ila kweli sikuwahi kufikiri. Mto wangu una majina manne kabla haujafika baharini, na hilo la kwanza ndilo peke yake linalosema maji yanafananaje.

#18 Mgeni Njoo

Samahani wakuu, naingia bila hodi. Mimi babu yangu alisema kweli kulikuwa na mgahawa wa chai pale barabarani, madereva wa malori walikuwa wanasimama. Msimtukane yule mama wa kwenye Hiace.

#19 Mzee wa Leganga

Mgahawa upo hata leo, na si mmoja. Ukiweka kijiji kwenye barabara ya malori kikaitwa Maji ya Chai, mtu asipofungua mgahawa wa chai atakuwa mzembe wa biashara. Jina ndilo lililoleta birika.

#20 Kidumu cha Njano

Chalii, glasi iko wapi? Watu tunalala nje hapa.

#21 Chalii wa Imbaseni

Nimerudi wakuu. Nilienda kwa pikipiki Jumamosi jioni, nikashuka mtoni kabisa chini ya daraja, si mfereji, mzee aone juhudi. Kulikuwa kumenyesha kidogo juzi yake. Nilichota glasi moja ya mto, ya pili nikajaza maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, nikaziweka sambamba kwenye dirisha la jikoni kwa mama. Sikuwa na vifuniko, nikaacha hivyohivyo.

Asubuhi ya mvua ipo vilevile. Ya mto, chini kumejikusanya tope laini, unene wa ukucha, ukitikisa glasi linaamka kama moshi. Hayo ndiyo maziwa. Juu ya tope maji yametulia, unaona dirisha upande wa pili bila shida, lakini rangi haikwenda popote. Njano inayoelekea kahawia, kama strungi ambayo mtu mwenye majani machache amewapikia wageni wengi. Kwa hiyo Kidumu, jibu lako: zote mbili, maziwa yanakaa chini.

Nilikuwa bado nimeinama pale napiga picha, mama akaingia jikoni, akatazama dirishani, akauliza nani ameacha chai wazi usiku kucha na nzi wote hawa.